Mikono Minne ya Stesheni ya Cwmhelyg

Kati ya mikono kumi na miwili ya chuma iliyoshikilia paa la jukwaa la abiria katika stesheni kuukuu ya Cwmhelyg, Wales, minne ilikuwa imeibwa. Mahali pake mwizi alikuwa ameweka nguzo za mbao, paa lisianguke.

Inspekta Eluned Probert alizikodolea macho nguzo zile, akili ikamgoma. Mwizi gani huyu mwenye huruma? Kengele ya shaba, ambayo kila mnunuzi wa vyuma chakavu angeigombania, haikuguswa.

Lowri Tasker, mtaalamu wa majengo ya kale aliyewaita polisi, alikuwa benchini ameshika tama. Treni ya mwisho ilipita pale miaka ya sitini. Sasa wenye kiwanja walitaka kubomoa wajenge ghala, na ripoti yake ndiyo kinga pekee. Alisema hana tena cha kuandika. Eluned akazidi kuchanganyikiwa. Minane si imebaki?

Sajenti Craddock aliegemea nguzo moja, akainuka na rangi mbichi ya kijani begani.

"Afande, mwizi kapaka na rangi. Bado kidogo angetuachia chai."

Cwmhelyg nzima, rangi ile alikuwa nayo mtu mmoja: Idwal Beynon, mtoto wa mkuu wa mwisho wa stesheni, ambaye kila Pasaka hupaka rangi milango isiyopitwa na abiria. Walimkuta bandani kwake. Mikono minne ililazwa chini ya blanketi.

"Umeichukua wewe, Mzee Idwal?"

"Mimi."

"Stesheni unaipenda kuliko sisi sote. Kwa nini?"

Mzee akafunua blanketi. Mikono iliyobaki stesheni ilikuwa na maua ya waridi. Hii ilikuwa na daffodili, ua la Wales.

"Theluji ya mwaka arobaini na saba ilivunja ile ya zamani. Baba akafua hii mwenyewe. Ni bandia, mwanangu. Yule mama wa ripoti angeiona, angesema stesheni si halisi, na wangeivunja."

Kichwa cha Eluned kikafunguka, moyo ukamuuma. Akamwita Lowri, aliyekuja nao, kutoka garini.

Lowri alipiga magoti, akayapapasa maua moja moja.

"Stesheni za waridi ziko tele," alisema. "Ya daffodili ni hii tu. Nilikuja kwa ajili ya hii minne."

Eluned akarudisha mfukoni pingu alizokuwa ameshika. Mzee alikaa juu ya ndoo ya rangi, akauliza kwa sauti ndogo kama jina la baba yake linaweza kuandikwa kwenye ripoti.

Lowri akatoa kalamu. "Aliitwa nani?"

"Gwilym," mzee akasema, akaanza kulia.