Aliyepiga Odi Kapata

Neno la kwanza ambalo programu ya tatu iliandika halikusemwa na mtu yeyote chumbani.

Blandine alikuwa amefunga mdomo. Mumewe Stany, fundi wa kompyuta, alikuwa dirishani akimenya ndizi. Nje jua la saa sita liliunguza mabati ya mtaa wa Kapata, na hata mbwa walikuwa wamenyamaza. Kile kimstari cha kijani chini ya kioo cha kompyuta, ambacho hupanda mtu akisema na kulala akinyamaza, kilipanda taratibu, na neno likajitokeza: Odi.

"Stany, njoo uone. Mi sikusema kitu."

"Ni mikro tu. Inasikia upepo."

"Upepo gani? Na hii inajua Kifaransa tu, njo weye mwenyewe ulisema vile."

Kweli alisema. Alikuwa ameleta programu tatu za kuandika kwa sauti, kwa sababu viganja vya mkewe vilivimba kwa miaka ya kupiga taipu kazi za watu, na sasa palikuwa na hati ndefu isiyoweza kungoja. Mgodi ulikuwa unaula mtaa. Nyumba mbili za mwisho wa mstari zilikwisha kudidimia, na kampuni ilitaka kila familia ieleze tangu mwanzo iliipataje nyumba yake. Atakayeaminika angejengewa nyingine, asiyeaminika angetolewa. Blandine alilelewa katika nyumba hiyo na hakuwa na pengine pa kwenda.

Programu ya kwanza ilitaka intaneti, na intaneti ya Kapata tunaijua wenyewe. Ya pili iliandika kila alichosema kama maneno ya mlevi. Ya tatu ilifanya kazi ndani ya mashine bila mtandao, ila kwanza ilimwomba asome ukurasa mzima ili ijifunze sauti yake. Alisoma, nayo ikajifunza.

Stany alicheka. "Basi itika. Muntu anapiga odi, weye unamunyamazia?"

Blandine alikuwa amelelewa akaleleka, na odi haiachwi hewani. "Karibu," akasema. Kimstari kikashuka kama mtu aliyepewa kiti.

Wakaichagua hiyo hiyo. Kusema haki, ilikuwa hodari. Kwa siku kadhaa Blandine aliketi mbele yake kila baada ya chakula cha mchana, akiimba Kifaransa chake cha ofisini, nayo ikamfuata bila kukosea hata mkato. Sentensi moja tu ilikataa. Kila aliposema kwamba baba yake, marehemu Nkulu, aliikuta nyumba tupu, mashine iliacha nafasi nyeupe. Alirudia polepole. Alirudia kwa hasira. Weupe ukabaki pale pale.

Koo nalo likaanza kukauka. Stany alimchemshia tangawizi, lakini sauti ilizidi kufifia, na ajabu ni kwamba kadiri ilivyofifia mashine ilimsikia vizuri zaidi.

Kisha ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya bidia ikisongwa jikoni, ugali wa kutosha watu wengi, na Blandine akaenda kutazama akakuta jiko baridi na sufuria zimefunikwa. Na aliporudi ile harufu ilikuwa imegeuka kuwa ya chuma chenye kutu na nepi za mtoto anayeharisha, na nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake, mtoto akakohoa, akanyamaza, akakohoa tena, na kimstari cha kijani kikapanda na kushuka kwa kila kikohozi, mpaka maneno yakaanza kujipanga kwenye ile nafasi nyeupe, si kwa Kifaransa, bali kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima: Kaa, tata. Kunywa mayi. Bwana yangu anakuya sasa hivi.

Blandine alitoka mbio bila viatu. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na haki.

Alikwenda kwa mama Godelieve, mwombezi aliyekwisha kutoa pepo katika nyumba nyingi za Kapata. Alimweleza kwa kunong'ona, sauti haikuwepo tena. Mama Godelieve alisikiliza mpaka yale maneno ya maji, kisha akaketi chini kwenye mkeka.

"Ni mama Bilonda," alisema kwa sauti ndogo. "Badibanga njo alikuwa bwana yake. Nyumba ilikuwa yabo. Ule mwaka wa kufukuza Bakasai, kabila yabo, ati ni bageni huku, baba yako alikuya akapiga odi. Bilonda alimuitika karibu. Akamupatia kiti na mayi. Alikunywa yote, kisha akasema: sasa mutoke, nyumba ni yangu."

"Beye balienda wapi?"

"Ku gare, kungojea train. Bilonda alikufia pale, eye na mutoto wake mwenye kukohoa."

"Mama, uje umufukuze. Nakuomba."

Mama Godelieve alitikisa kichwa. "Mi nafukuzaka roho yenye kuingia mu nyumba ya bengine. Huyu eko kwake. Na tulishamufukuza mara moja, mutoto wangu, mi nilisimama pale nikaangalia. Rudia kwako. Andika ya kweli, kama nyumba ilikuwa ya Bilonda. Labda atakuhurumia."

Njiani Blandine aliliwaza hilo. Akaiona kampuni ikisoma ukweli huo, akajiona yeye na Stany barabarani na magodoro. Alipofika kwenye kona yao alikuwa ameamua: angeifuta programu, na ule uongo angeuandika kwa mikono yake mibovu, herufi kwa herufi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tangu utoto alikuwa hajawahi kupiga odi kwenye mlango huo.

"Odi," alinong'ona.

Stany alifungua, kijiko mkononi. Harufu ya bidia ilitoka pamoja naye. Alimtazama miguu yake mitupu, akamtazama uso, kwa upole wa mtu mwenye adabu.

"Mama, unatafuta nani?"

Alifungua mdomo amwambie ni mimi, Blandine, mke wako. Hakikutoka kitu. Chumbani mtoto alikohoa, na Stany akageuza kichwa kama baba anavyogeuka.

Ndipo kutoka jikoni ikaja sauti, nzima, nyororo, ile ile iliyosoma ukurasa mzima siku ya kwanza.

"Ni nani, Stany?"

"Ni mama moja. Hasemi kitu. Nimupatie mayi?"

"Apana," ilisema sauti ya Blandine. "Usimupatie mayi. Funga mulango."