Kiuno cha Thelathini na Nne

"Thelathini na nne, dada. Kiuno chake ni thelathini na nne."

"Cha nani?"

"Cha huyo mwanamke wake."

Upande wa pili wa simu nikasikia dada yangu akiweka sufuria chini.

"Mdogo wangu, umemwona kwa macho yako?"

"Sijamwona. Nimemsoma."

Mume wangu hukata nguo za kike, mimi hushona. Miaka kumi na miwili tumefanya hivyo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, yeye kwenye meza ya kukatia, mimi kwenye cherehani. Watu wote humwita Fundi, na mimi pia. Vipimo vya kila mteja vimo kwenye daftari moja kubwa, kila ukurasa una jina na namba ya simu. Asubuhi ile nilikuwa natafuta vipimo vya mteja, nikafungua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa na namba tupu. Hakuna jina, hakuna simu. Mwandiko wa Fundi.

"Kifua arobaini na mbili," nikamsomea dada. "Kiuno thelathini na nne. Nyonga arobaini na sita. Dada, hizo si namba, hiyo ni picha. Amejaa pa kujaa, amekatika pa kukatika. Halafu Fundi ameandika pembeni, bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Bega la mtu hulioni hivihivi. Mpaka umtazame sana."

"Au umshike."

"Asante kwa kunifariji."

"Ulitaka nikudanganye? Haya, labda ni mteja tu."

"Mteja asiye na jina?"

"Usiseme kitu kwanza. Chunguza. Ukiwa na hakika nipigie, nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe."

Nilikata simu nikabaki nimekaa. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, chini ya koti.

Hilo koti lina habari yake. Mwaka juzi niliugua viungo, nikameza vidonge miezi saba. Maumivu yaliondoka, mwili ukabaki umevimba. Nilinunua mkanda mpana wa kubana tumbo, na juu yake nikavaa koti jeusi la poliesta lenye bitana, lililonifunika mpaka magotini. Nikaacha kujitazama kwenye kioo. Fundi aliponijia na futi ya kupimia anishonee gauni jipya, nilimwambia, "Ukinipima naondoka." Hakujaribu tena. Nguo nilibadilisha nyuma ya mlango, na kitandani nililala nimempa mgongo. Niliamini nimekuwa gunia, na gunia halina kiuno.

Sasa ulikuwa mwezi wa joto kuliko yote. Pangaboi ya dukani ilikuwa inazungusha hewa ya moto tu. Wateja walikuwa wanaingia wakijipepea kwa chochote walichoshika, na wote walitaka kitu kimoja. Siku ileile alikuja nesi mmoja, mwanamke mwenye mwili wake na kicheko chake.

"Dada fundi, nisaidie. Nikivaa ya kubana siwezi kupumua. Nikivaa pana naonekana hema. Nivae nini joto hili?"

"Pamba au kitani," nikamwambia. "Poliesta iache, inafungia jasho ndani. Bitana usiweke. Gauni likukae sawasawa mabegani, pale ndipo macho ya watu yanapoanzia. Kisha chini ya kifua liachie, lishuke lenyewe, upepo upite. Shingo iwe ya V, mikono ifike kwenye kiwiko, kwapa lisibane."

"Na tumbo?"

"Tumbo lisipobanwa halionekani. Ukilibana linajitangaza."

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanitazama kuanzia kola mpaka magotini.

"Maneno mazuri. Na wewe mbona umevaa koti?"

"Nasikia baridi."

"Baridi? Mwenzetu unaishi ndani ya friji?"

Fundi alikuwa anakata kitambaa. Mkasi wake ukasimama. Nilimwona ananitazama, nikageuza uso.

Nesi alipoondoka, Fundi akaja karibu na cherehani.

"Mwenzangu, Jumamosi kwenye harusi ya mdogo wangu utavaa nini?"

"Hili koti."

"Sherehe ni uwanjani. Saa sita mchana."

"Najua."

"Kwenye maziko ya jirani ulianguka kwa joto. Tulikumwagia maji."

"Unaogopa nitakuaibisha mbele ya ndugu zako?"

"Nimesema hivyo?"

"Hukusema. Basi nisije. Tafuta mwingine wa kukaa naye meza ya mbele. Mwenye umbo."

Akarudi kwenye mkasi wake. Fundi si mtu wa maneno mengi, na siku zote nililipenda hilo. Siku ile ukimya wake niliusikia kama kukiri.

Kesho yake simu yake iliita ujumbe akiwa bafuni. Sikuwa na tabia ya kupekua, lakini ilikuwa mezani, kioo kikawaka chenyewe. Mwandishi alikuwa muuza vitambaa wa sokoni.

"Fundi, kile kitani cha mpenzi wako kimefika. Kijani kama ulivyotaka. Njoo peke yako."

Nilisoma mara tatu. Kijani ni rangi ninayoipenda. Hata rangi yangu alikuwa amempa.

Alitoka bafuni, akasoma ujumbe, akachukua kofia.

"Nafika sokoni mara moja."

"Kufanya nini?"

"Nyuzi zimeisha."

Nyuzi zilijaa boksi zima chini ya cherehani yangu. Sikumwambia. Nilimtazama akivuka barabara kwenye jua kali, akitembea haraka kama mtu anayewahi kitu kizuri. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho alitembea hivyo kuja kwangu.

Siku mbili zilizofuata alifungia kazi fulani kwenye chumba cha stoo. Nikiingia, anafunika. Usiku sikulala, mchana sikula. Mkanda ulikuwa umenichubua ubavuni, vipele vya joto vimenijaa, lakini nikaukaza tundu moja zaidi. Nilifikiri labda nikijibana vya kutosha nitamkaribia yule wa thelathini na nne.

Alhamisi, Fundi akatoka kupeleka nguo za mteja. Niliingia stoo. Nyuma ya majora ya vitambaa lilikuwapo gauni, limefunikwa shuka. Nikavuta shuka.

Kitani cha kijani. Mikono ya kufika kwenye kiwiko, pana. Shingo ya V. Limeshonwa chini ya kifua, kisha linashuka bila kubana. Ndani hakuna bitana, na kila mshono umefungwa ndani ya mshono mwingine, hakuna ukingo wa kukwaruza ngozi. Kazi hiyo inachukua muda mara mbili. Hatumfanyii mteja yeyote.

Nilimpigia dada.

"Nina hakika."

"Umeona nini?"

"Amemshonea kwa mkono wake, dada. Mishono ya ndani, yote. Mimi ndiye mshonaji humu ndani na hajaniomba hata kufunga uzi."

"Panga nguo zako. Nipe saa moja."

Sikupanga nguo. Nilichomeka pasi. Nikalitandaza gauni juu ya meza ya kukatia, nikasubiri pasi ishike moto mpaka mwisho. Nilitaka aje akute alama ya pasi kifuani, nyeusi, kubwa. Nikaiinua. Moto wake ulinipiga usoni.

"Weka chini, mwenzangu."

Alikuwa mlangoni.

"Mtaje."

"Weka pasi kwanza. Itakuunguza."

"Mtaje jina, Fundi! Mengine yote nayajua. Kifua chake, kiuno chake, nyonga zake, hata bega lake lililoshuka!"

Uso wake ukabadilika. "Umeona daftari."

"Nimeona."

Hakukimbilia kujitetea. Alisimama pale, kofia mkononi, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ulipozisoma zile namba, ulimwonaje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe unasoma vipimo kuliko mimi. Ulimwonaje?"

Nilitaka kusema ni mbaya. Maneno yakakataa.

"Mzuri," nikasema, na machozi yakaanza. "Ni mzuri, Fundi. Hapo ndipo ninapoumia. Mimi nimekuwa gunia, nikaona namba za mwanamke mzuri kwa mwandiko wako. Nikasema sawa, ana haki ya kumtaka."

"Ni wewe."

"Usinidhihaki."

"Ni wewe, mwenzangu."

"Niache kama unataka kuniacha! Lakini usinisimamishe hapa unidhihaki!"

Akanisogelea polepole, akanitoa pasi mkononi, akaichomoa. Kisha akavua futi shingoni mwake, akaiweka mezani mbele yangu.

"Ulinikataza kukupima. Sikugusi. Jipime mwenyewe."

Nikafungua vifungo vya koti kwa hasira, ili nimwonyeshe uongo wake. Nikafungua mkanda, ukaanguka sakafuni. Hewa ilinigusa ubavuni mahali ambapo ilikuwa haijafika kwa muda mrefu. Nikazungusha futi kiunoni juu ya shimizi, nikatazama chini.

Thelathini na nne.

"Nimevuta sana," nikasema.

"Legeza basi."

Nikalegeza, nikatoa pumzi yote. Thelathini na nne. Nikapima mara ya tatu, kidole kimoja ndani ya futi, kama tunavyowapima wateja ili nguo isiwabane. Thelathini na nne. Nikashusha nyongani. Arobaini na sita.

Nikakaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa.

"Siku nne nimemwonea wivu," nikasema. "Siku nne nimemlilia huyu mwanamke."

Fundi akakaa sakafuni pia, mbali kidogo, mgongo ukutani.

"Mimi nimemlilia miaka miwili," akasema. "Analala pembeni yangu na haniruhusu nimtazame."

Nililia kwa sauti. Simu yangu ikaanza kuita, ikaita mpaka nikapokea.

"Nimeshapata gari," dada akasema. "Nakuja. Umepanga?"

"Dada, usije."

"Amekulainisha na maneno?"

"Nimempata yule mwanamke."

"Yuko wapi? Nakuja haraka zaidi!"

"Ni mimi."

Nikamsikia akimwambia dereva asubiri.

"Wewe ndiye una kiuno hicho?" dada akauliza. "Ndani ya lile koti?"

"Nitakupigia."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtetemeka kwa kicheko anachokizuia. Mimi sikucheka. Jambo moja lilikuwa limebaki.

"Ulinipima lini?"

Kicheko kikamtoka usoni.

"Jumapili mchana. Ulikuwa umelala, umevua mkanda."

"Nilikwambia ukinipima naondoka."

"Ulisema."

"Ukanipima nimelala, kama maiti anayepimiwa sanda."

"Niliogopa," akasema. "Ulipoanguka kwenye maziko, nilifikiri hutaamka. Nikasema kabla ya Jumamosi lazima nikuvue hilo koti, na njia nyingine sikuiona. Muuza vitambaa nilimwambia afiche, nikajiona mjanja. Lakini ulikataa, na mimi nikafanya. Hapo nimekosa."

"Umekosa sana."

"Ndiyo."

Nilimtazama. Ndevu zake zilikuwa na mvi ambazo sikuzijua. Miaka miwili na mimi nilikuwa sijamtazama.

"Nipe hilo gauni," nikasema.

Nilitaka kwenda nyuma ya mlango kama kawaida. Nikafika, nikarudi. Nikalivaa palepale, mbele yake. Kitani kilinishukia kama maji. Mabegani likakaa, lile la kushoto lililoshuka alikuwa amelisawazisha kwa mshono mmoja mdogo, hutauona hata ukitafuta. Likaniachia tumboni. Nikainua mkono, na hapo nikasikia kitu kinavuta.

Ushonaji ni ushonaji, hata ukiwa na machozi usoni.

"Fundi, kifua umekosea."

"Haiwezekani. Arobaini na mbili."

"Uliipimaje? Ulipitishaje futi mgongoni bila kuniamsha?"

Akajikuna kichwa. "Kiunoni na nyongani futi ilipita ulipojigeuza. Kifuani nilipima mbele, ubavu hadi ubavu. Nikazidisha mara mbili."

"Ukazidisha mara mbili!" Nilicheka mwenyewe bila kutaka. "Miaka kumi na miwili unakata nguo za wanawake, hujui kifua cha mtu aliyelala kinakwenda kwapani? Na mgongo wangu ulidhani ni sawa na mbele? Tazama, kwapa linanikaba. Jumamosi nikiinua mkono kumpungia wifi, mshono unaachia mbele ya wakwe zake."

"Basi nilifumue."

"Utalifumua kwa namba gani?"

Futi ilikuwa bado mezani. Aliitazama, lakini hakuichukua.

Nikasimama chini ya pangaboi, nikalivua gauni, nikalitundika kwenye kiti. Kulikuwa na mwanga mwingi, dirisha wazi, jua la saa nane limejaa chumbani, na mimi na shimizi yangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini. Nikainua mikono yote miwili.

"Njoo unipime. Safari hii niko macho."

Akainuka. Akachukua futi, akanijia mbele, akaipitisha mgongoni mwangu taratibu. Akaziunganisha ncha kifuani.

"Arobaini na tatu na nusu," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Arobaini na tatu na nusu."

"Endelea," nikamwambia. "Pima zote. Na usome kwa sauti."