Waya Ndani ya Mkono wa Kanzu

Zahor na mkewe Mahfudha hupamba kumbi za harusi. Nyumbani kwao Kinyerezi, sebule imejaa satini, taa na maua ya plastiki. Mgeni hukaa penye nafasi.

Kifaa chao kikubwa ni lifti ya mkono. Ina jukwaa dogo la mtu mmoja, lenye vizuizi pande zote. Chini kuna winchi yenye mpini. Ukizungusha mpini, waya wa chuma hujiviringisha kwenye winchi na jukwaa hupanda. Zahor huzungusha. Mahfudha hupanda, kwa sababu Zahor hajui kupanga marinda ya satini yanayoning'inizwa juu.

Alhamisi asubuhi walikuwa ukumbini. Harusi ilikuwa kesho yake. Jirani yao Adelina, fundi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, alipita kuchukua sufuria yake.

"Karibu, dada Adelina. Sufuria ipo kwenye gari," alisema Mahfudha, mguu mmoja tayari jukwaani.

"Ahsante. Huo waya mmeuvisha nini?"

Kati ya winchi na kapi la juu, lile gurudumu dogo linalopitisha waya, waya ulipita ndani ya kitambaa cheupe kilichoshonwa kama mkono wa kanzu.

"Nimeushonea mwenyewe," Mahfudha alijibu kwa fahari. "Ulikuwa unanasa satini yangu. Sasa haunasi, wala grisi haichafui."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Shuka, mwenzangu."

"Dada, nina marinda arobaini ya kuning'iniza leo."

"Utayaning'iniza. Shuka kwanza."

Jukwaa lilikuwa chini kabisa na waya umelegea. Adelina alivaa glavu, akafumua ule mkono wa kanzu. Kisha akapitisha kipande cha satini kwenye waya, polepole. Kikanasa. Akakivuta kidogo, wakaona nyuzi za chuma zilizokatika zimechomoza kama miiba. Pembeni palikuwa na kutu.

"Waya huu umesukwa kwa nyuzi nyingi," alisema. "Zikikatika, huchomoza. Hizo ndizo zilizokuwa zinanasa satini. Wewe ukazifunika, na kitambaa kikatunza unyevu."

Zahor aliketi juu ya boksi. "Jana nilimpandisha mita sita."

"Umekalia maua yangu, baba Alya," alisema Mahfudha, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tukikata hapo tukaunga?" Zahor aliuliza.

"Waya wa lifti hauungwi. Unabadilishwa. Unene na nguvu viwe kama kitabu chake kinavyosema. Kitabu kipo?"

Zahor alimtazama mkewe.

"Kipo," alisema Mahfudha. "Kimeinua mguu wa kabati."

Zahor akakifuata nyumbani, akapitia dukani kununua waya unaolingana nacho. Kabati likabaki limeinama. Kufika adhuhuri, Adelina alikuwa amefunga waya mpya kama kitabu kilivyoelekeza.

"Bado hapandi mtu," alisema. "Kaka Zahor, tandaza miguu yote minne ya lifti. Funga magurudumu. Sasa pandisha jukwaa tupu nusu mita, halafu achia mpini taratibu."

Zahor aliachia. Jukwaa lilibaki palepale.

"Breki ya winchi inashika. Lingeshuka lenyewe, kazi ingeishia hapo."

Walirudia na marobota ya satini jukwaani, bila kuzidisha kilo zilizoandikwa kwenye kibao cha lifti. Jukwaa halikushuka. Ndipo Mahfudha akapanda. Saa kumi na moja jioni marinda yote arobaini yalikuwa juu.

Siku hizi Adelina huikagua lifti yote kila baada ya miezi sita. Kabla ya kila kazi, Zahor huangalia miguu, magurudumu, breki na waya. Kipande cha satini kimefungwa kwenye mpini. Hukipitisha kwenye waya uliolegea, mkono ukiwa ndani ya glavu, huku mkewe akisubiri pembeni.

"Kimenasa?" huuliza Mahfudha.

"Hakijanasa."

"Pitisha tena. Mie ndiye ninayepanda."

Naye hupitisha tena.