Unyayo wa Mwisho Juu ya Magadi

Safari ilianza vizuri tu. Watu saba wa kikundi cha wapiga picha cha Kitengela walikutana alfajiri, wakapakia kamera zao kwenye gari la mwenyekiti wao, Mbugua, wakashika njia ya Tuala na Kiserian kuteremka hadi Ziwa Magadi. Mwelu alikuwa amekuja na mandazi ya moto, na la kwanza akampa Wamaitha.

"Mwalimu, shika. Hili ni lako."

Wamaitha alilipokea, akatabasamu kwa meno tu. Hilo andazi lilimkaa kooni mpaka Kiserian.

Ni yeye aliyemfundisha Mwelu kazi. Miaka sita iliyopita binti huyo alifika studio yake akiomba hata kazi ya kukata picha za pasipoti, na Wamaitha akamwekea kamera mkononi, akamwonyesha mwanga ni nini. Siku hizi watu wakiingia studio wanauliza, "Yule Mwelu yuko?" Wanauliza wakimtazama yeye, mwenye studio, usoni. Na sasa kulikuwa na hoteli mpya inayofunguliwa mjini Kitengela. Ukuta wote unaotazamana na mlango ulikuwa unangoja picha moja, kubwa, yenye jina la mpigaji chini yake. Mwenye hoteli alisema atachagua kutoka safari hii. Kila mtu garini alijua atachagua ya nani.

Wivu ulikuwa umemla Wamaitha mpaka mifupani. Wiki moja kabla alipanda boda hadi Matasia, kwa mzee mmoja ambaye watu humtaja kwa sauti ya chini.

"Unataka afe?" mzee alimuuliza.

"Hapana! Nataka tu asionekane. Watu wamtazame, wasimwone. Hata jina lake liwatoke."

Mzee alimwambia autwae unyayo wa mtu huyo kwa mkono wa kushoto, ukiwa bado mbichi, autie kwenye maji yanayochemka bila moto. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akanong'ona, "Lakini hakikisha ni wake."

Walipofika ziwani jua lilikuwa limeshapanda. Magadi yalitanda meupe mpaka chini ya mlima Shompole, na hewa juu yake ilikuwa inatetemeka kwa joto. Saruni, mfugaji wa makamo aliyezoea kuwaongoza wageni, aliwasalimia wanawake mmoja mmoja.

"Takwenya."

"Iko," aliitika Mwelu.

"Iko," aliitika Wamaitha.

Saruni alisema atabaki ukingoni, na aliye mwepesi atangulie kupima kama magadi yatawabeba. Mbugua akawakumbusha sheria ya kikundi: mnakwenda mstari mmoja, kila mtu anakanyaga palepale alipokanyaga wa mbele, ili weupe usichafuke kabla ya picha. Mtu akitoka nje ya mstari anaharibia wenzake kazi ya siku nzima.

Mwelu alitangulia. Wengine wakafuata, mguu ndani ya alama ya mguu. Wamaitha aliomba kuwa wa mwisho.

"Uko sawa, Mwalimu?" Mwelu aliita kutoka mbele.

"Niko sawa. Nendeni tu."

Alingoja waende hatua ishirini. Alama zilikuwa kubwa, safi, zimejaa maji kidogo. Alikuwa amezihesabu hatua za Mwelu tangu ukingoni, hangekosea. Aliinua mguu wake kutoka kwenye alama, akainama, akaubandua unyayo mzima kwa mkono wa kushoto, akaufunga kwenye leso. Ulikuwa baridi. Chini ya jua lile, ulikuwa baridi.

Walipomaliza kupiga picha na kurudi ukingoni kwa kuzungukia upande wa mawe, wenzake walienda kunywa chai. Yeye alisema anaenda haja. Akapinda hadi kwenye chemchemi ya maji moto, pale mvuke unapotoka kati ya mawe, akaitupa leso. Maji yalinyamaza. Kidogo tu. Halafu yakaendelea kuchemka.

Alirudi na moyo mwepesi. Alifikia hata kumwonea Mwelu huruma.

"Mbugua, nimiminie chai."

Mbugua alifunga chupa ya chai, akaiweka garini.

"Mbugua!"

Hakugeuka. Wamaitha alidhani ni utani, kikundi hicho kilikuwa na utani mwingi. Alimgusa Mwelu begani. Mwelu alijipangusa bega kama mtu aliyetuliwa na nzi.

Saruni alikuwa anaagana na watu. "Sere," alisema, akishika mkono wa huyu, mkono wa yule. Wamaitha alinyoosha wake. Saruni alipita. Lakini mbele kidogo alisimama, akageuka, akatazama chini penye alama za viatu vya Wamaitha, na uso ukambadilika. Alirudi nyuma hatua mbili.

Ndipo Wamaitha alipogeuka kutazama ziwa. Mstari mmoja wa nyayo ulikwenda mpaka katikati ya weupe. Gamboti zake zilikuwa na soli yenye alama za mabano. Alitazama unyayo wa kwanza. Mabano. Wa pili. Mabano. Mwelu alikanyaga kwanza, wengine wakakanyaga juu yake, na juu ya wote, kila hatua, alikanyaga yeye.

Alikuwa amebandua wake mwenyewe.

"Tumetimia?" Mbugua aliuliza.

"Sita," Mwelu alihesabu. "Tumetimia."

Wamaitha alilikimbilia gari. Alipiga kioo kwa viganja. Alimwita Mwelu kwa jina, akamwita mwanangu, neno ambalo hakuwahi kumwita. Mwelu aliinua macho, akatazama kioo, akapandisha dirisha mpaka juu kwa sababu ya vumbi.

Gari likaondoka.

Picha ya Mwelu ndiyo iliyotundikwa. Weupe mtupu, mlima kwa mbali, na mstari mmoja wa nyayo. Siku ya kufungua hoteli watu walijaa mbele yake. Mtu mmoja alimuuliza Mwelu ni nani aliyemfundisha kuona vile.

"Alinifundisha..." Mwelu alianza. Alilitafuta jina. Machozi yalimtoka na hakujua ni ya nini. "Aki sijui. Nilikuwa najua."

Siku hizi Elizabeth, mama anayefungua hoteli hiyo asubuhi na kupiga deki, haanzi kazi bila kuomba kwanza. Kila siku hukuta unga mweupe sakafuni chini ya picha. Aliuonja mara moja, ni magadi. Anaupangusa, kesho upo. Ni alama mbili za gamboti zenye soli ya mabano, zimesimama sambamba, ncha zimeelekea ukutani, palepale jina la Mwelu lilipoandikwa.

Hakuna nyayo za kuingia. Hakuna za kutoka.