Watazamaji Wasio na Nyuso

Alhamisi, baada ya Alasiri. Firq, nje ya Nizwa.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka grisi. Ussi, mkubwa wa wale watatu, aliweka simu juu ya tairi. Ndani yake picha iliyochorwa kwa rangi: msichana wa sarakasi kasimama kwa mguu mmoja juu ya farasi anayekimbia. Nyuma yake, watazamaji.

"Mbona hawana nyuso?" Saliha aliuliza. Picha hiyo huipangusa vumbi kila siku. Ndiye mtumishi wa nyumba ya tajiri inamotundikwa.

"Wafaransa wa zamani ndivyo walivyochora. Ukisogea karibu, madoa. Ukirudi nyuma, watu. Mnunuzi yuko Sur. Kesho tajiri msikitini, wanawake harusini Mudhaibi."

"Bibi kizee anabaki. Haoni vizuri."

"Basi asisikie. Hafidh, wewe unaingia. Kama fundi wa kiyoyozi. Ukifungua mdomo, si mwenzetu tena."

Hafidh akacheka, bila hamu. Mkewe, Nahla, alishamwambia: ukifungwa tena, mimi na mtoto twarudi kwa baba.

Ijumaa, adhana ya kwanza. Nizwa.

Saliha alifungua mlango wa jikoni, akakimbilia garini alimongoja Ussi. Hafidh akaitungua picha, akaivika shuka.

Ijumaa, khutba inaanza.

Ukumbini kasimama Bi Ghanima, yule bibi kizee, mkono ukutani.

"Nani huyo?"

Pita tu, Hafidh. Pita. Lakini bibi yake alimlea kwa makofi: mkubwa hapitwi kimya. Ulimi ukamtangulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aa, hiki Kiswahili cha kwetu Unguja. Mtoto wa nani wewe?"

Na hilo nalo halinyamaziwi.

"Mjukuu wa Bi Fakhriya. Wa Ibra."

"Fakhriya bint Musallam? Aliyekaa mtaa wa Malindi? Baba yako nimemwogesha kwa mikono hii. Keti, mwanangu, dele lina kahawa."

Ussi alikuwa mlangoni. Kasikia yote. Akainyakua picha.

"Ningoje," Hafidh alinong'ona.

"Nikungoje nini? Ushatoa mpaka ukoo. Kaa unywe kahawa."

Gari likawaka. Wawili wale wakageuka kumtazama, mara moja tu. Kioo kilijaa vumbi la Firq. Nyuso zao zilikuwa madoa mawili, hayana macho, hayana kinywa.

Nyuma yake kikombe kikagonga sinia.

"Umeoa, mwanangu?"

Hafidh akaketi.

"Nimeoa, bibi. Anaitwa Nahla."