Tuta la Fundi Pimamaji

Mke wa Fundi Pimamaji alifagia ua, akaanika nguo, kisha akasimama kutazama mboga zake kwenye tuta alilojengewa na mumewe. Mchicha ulikuwa umegeuka kuwa wa njano. Miche ya nyanya ilikuwa imelegea, na ukiivuta kidogo inang'oka na mizizi myeusi. Hakusema neno. Aliingia ndani, akachukua kikapu, akaenda sokoni kununua mboga kama kawaida.

Fundi alimwona kupitia dirisha la jikoni. Afadhali angelalamika. Kimya kile kilimchoma.

Mtaani walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa ambacho waashi hupimia usawa wa ukuta. Walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuvumilia ukuta uliopinda hata unywele mmoja. Lakini alianguka kutoka jukwaani akiwa kazini, goti likaumia vibaya, na daktari akamkataza kupanda juu tena. Tangu hapo alishinda barazani akipiga miayo. Aliogopa jambo moja tu, na aliliogopa kweli: kwamba ufundi wake umekwisha, na sasa yeye ni mtu wa kulishwa.

Ndiyo maana lile tuta lilikuwa na maana kubwa kwake. Kila mvua ikinyesha, ua wao hujaa tope na mboga za mkewe huoza. Fundi aliona atamjengea bustani iliyoinuka juu ya tope, ya kufikia magotini. Kazi hiyo haihitaji kupanda popote.

Alijenga ukuta wa matofali kuzunguka eneo lote la bustani. Chini alimwaga zege, maana kwake kitu kisicho na sakafu hakijakamilika. Ndani alipiga plasta, akamalizia kwa saruji laini mpaka kuta zikateleza. Kazi ilikuwa safi, ungeweza kumlaza mtoto mchanga mle ndani. Kisha akajaza udongo mwekundu uliotoka kwenye shimo refu alilokuwa akichimba jirani. Kila alipomwaga kiasi, alikishindilia barabara, kama anavyoshindilia kifusi kabla ya kumwaga sakafu.

Mboga zikapandwa, mvua ikanyesha, na sasa zilikuwa zinakufa.

Mkewe alirudi kutoka sokoni na Bibi Shamba. Huyu mama aliwafundisha wakulima kwa miaka mingi, na ingawa amestaafu, jina halijamtoka. Alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye tuta. Alijaribu kuingiza kidole kwenye udongo, kikagoma. Akachimba kwa kijiti, akanusa.

"Fundi, hapa ulikuwa unajenga nini?"

"Bustani, mama."

"Mimi naona tangi. Tena tangi zuri, halivuji hata tone."

Mkewe aligeuza uso kuficha kicheko. Fundi hakucheka.

Bibi Shamba akavuta kigoda, akaeleza taratibu. Wazo la kuinua bustani lilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa chini. Mizizi inahitaji maji, lakini inahitaji hewa pia. Maji yakikosa pa kutokea, mizizi inakosa hewa na kuoza. Udongo ukishindiliwa, mizizi haina pa kupenya. Na ule udongo mwekundu wa shimoni hauna chakula cha mmea.

"Nyumba unaijengea sehemu ngumu," alisema. "Mmea unataka sehemu laini."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Toa udongo wote. Halafu vunja sakafu."

Fundi alimshukuru, akasema atafikiria. Siku zikapita, wala hakugusa tuta. Jioni moja mkewe alikaa karibu naye akichambua mboga za kununua, akamuuliza kulikoni.

"Nimevunja kazi mbovu za watu wengi," alisema Fundi. "Yangu sijawahi. Kama hata sanduku la mchicha limenishinda, nimebaki na nini?"

Mkewe aliweka mboga kando. Kisha akasema, "Mimi niliolewa na fundi. Sikuolewa na zege. Zege likivunjika, fundi bado ninaye."

Fundi alitazama chini. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

Asubuhi alishika nyundo na mtaimbo. Pigo la kwanza lilimuuma kuliko goti. La pili likawa jepesi. Hadi jua linakuwa kali, sakafu ilikuwa vipande, na ardhi ya chini ilionekana.

Bibi Shamba alikuja kusimamia. Walichanganya madebe mawili ya udongo mweusi wa juu, debe moja la samadi iliyooza, na nusu debe la mchanga, wakarudia hivyo mpaka tuta likajaa. Alisisitiza samadi iwe imeoza, kwa sababu mbichi huunguza miche. Fundi alipoinua mguu apande kusawazisha, alizuiwa. Udongo wa tuta haukanyagwi. Kwa sababu hiyo alisogeza ukuta wa upande mmoja, upana wa tuta ukawa kama mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Baada ya kupanda, walitandaza nyasi kavu juu ili jua lisinyonye unyevu.

Mvua zilirudi kwa nguvu. Ua ukawa tope, lakini ndani ya tuta maji yalipenya na kwenda zake. Mchicha ukatoka majani mapana kama viganja. Mke wa Fundi alichuma, akapika, akawagawia na majirani.

Mwenye duka la mtaani, mama anayetumia kiti cha magurudumu, alipata fungu lake. Akaja na ombi. Alitaka tuta la kufikia kifuani pake, alime akiwa amekaa. Fundi alichukua futi, akapima mkono wake unafika wapi.

"Na chini uniwekee sakafu safi ya saruji," mama akasema. "Sipendi uchafu."

"Hapana, mama. Kuna fundi alifanya hivyo, akaozesha mboga zote."

"Fundi gani huyo asiyejua kazi?"

"Namfahamu sana," alijibu Pimamaji akikunja futi. "Ni mkaidi, lakini anafundishika. Kesho asubuhi atakuwa kwako na mwiko wake."