Kiti cha Mtahini wa Nje

Chuo hiki kimenilisha miaka mingi, na sikipendi. Nasema mapema, asije mtu akadhani nimeanza kukichukia baada ya yaliyompata mdogo wangu. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazamana na lango lao, na majoho yote unayoyaona yakipepea pale, ya wanafunzi na ya maprofesa, yamepita chini ya sindano yangu. Ukimpima mtu unamjua. Wale wakubwa wa Chuo hujaza kifua hewa ukiwazungushia futi, halafu baada ya wiki wanarudi kulalamika kwamba joho linapwaya.

Mdogo wangu wa kike tulimwita Kidomo. Tangu alipojua kusema hakuwahi kuacha swali lipite. Baba akiuliza hewani, "Hivi nani kavunja kikombe changu?" Kidomo angejibu, hata kama aliyevunja ni yeye mwenyewe na fimbo iko mlangoni. Mama alikuwa akisema mtoto huyu ataponzwa na mdomo. Mama alikosea. Kilichomponza Kidomo ni siku moja aliyoufunga.

Alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu, na tasnifu yake ilihusu historia ya Chuo chenyewe. Hadithi rasmi kila mtu kisiwani anaijua. Chuo kilipoanza, mwanafunzi wa kwanza alipotetea tasnifu yake, mtahini wa nje alivuka maji kuja kumhoji. Akamhoji, akampitisha, na wakati wa kurudi boti ikazama. Kwa heshima yake, kila utetezi unaofanyika katika ukumbi mkubwa, kiti kimoja kwenye meza ya watahini huachwa wazi. Picha ya siku ile ya kwanza imetundikwa ukutani juu ya kiti hicho.

Hadithi isiyo rasmi huambiwa mtahiniwa na waliomtangulia, kwa kunong'onezwa. Ukisikia swali linatoka kwenye kile kiti, usijibu. Mtazame mwenyekiti wa jopo, useme, "Swali limepita, Mwenyekiti." Kiti kitanyamaza. Wasomi wazima na digrii zao hucheka wakihadithia jambo hili, lakini sijaona hata mmoja aliyeingia ukumbini bila kuyafanyia mazoezi maneno hayo. Baadhi wameyarudia mbele ya kioo changu, wakijaribu joho, maana desturi ya pale mtahiniwa huvaa joho siku hiyohiyo ya utetezi.

Kidomo naye angecheka tu, kama asingekutana na nesi mstaafu aliyekuwa zamu hospitalini enzi zile.

"Yule mtahini tulimwosha asubuhi," nesi alimwambia. "Utetezi wao ulikuwa alasiri. Alizama wakati wa kuja, mwanangu. Hakufika."

Siku hiyo Kidomo aliingia dukani kwangu anahema. Alikuwa ameipiga ile picha ya ukumbini kwa simu, akaikuza kwa vidole mpaka ukabaki mkono wa mtu aliyekalia kiti cha mtahini wa nje. Uso hauonekani, kofia imevutwa hadi machoni. Lakini mkono umetulia juu ya meza, na kidole cha mwisho kimepinda kama ndoana.

"Dada, kidole hiki umekiona wapi?"

Nilikiona juzi tu, kikigongagonga meza yangu ya kukatia. Kilikuwa cha Mwenyekiti. Ndiye anayeongoza kila jopo la uzamivu pale Chuoni, mzee sasa, na wakati wa picha ile alikuwa mwalimu kijana.

Basi mambo yakajipanga yenyewe. Wageni wakubwa walikuwa wamekwishaketi. Bila mtahini wa nje hakuna shahada, na bila shahada ya kwanza wale wageni wangeondoka wakisema Chuo ni jengo tupu. Wakamvika kijana joho la mgeni, wakamkalisha. Akauliza maswali ya mtu mwingine, akapigiwa makofi ya mtu mwingine. Na mwenye kiti amelazwa chumba cha maiti, hajafukiwa.

Kidomo aliandika sura nzima. Msimamizi wake aliisoma, akafunga mlango wa ofisi, akainama sikioni mwake. "Sura hii ikibaki, hupiti. Iondoe." Miaka saba ya maisha yake ilikuwa kwenye ile tasnifu. Kazi ya ualimu ilikuwa inamsubiri. Mama akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite, mama. Pata kwanza cheti chako." Mimi nilimwambia, "Ukiiondoa nitakushonea joho, lakini usinitegemee kukupigia vigelegele." Tulinuniana siku kadhaa. Aliiondoa. Nikamshonea joho, nikaweka viwiko vya kitambaa maradufu, maana Kidomo tangu utoto alikuwa akiegemea meza akifikiri.

Utetezi ulifanyika baada ya chakula cha mchana, jua likiwaka vizuri. Ndugu wanaruhusiwa kuketi nyuma, kimya. Ukumbi ule ni wa mawe, madirisha yana nondo, mlango ni mmoja. Mama alikaa kushoto kwangu na mkoba mapajani. Mbele, jopo limejipanga, Mwenyekiti katikati, na pembeni kabisa kile kiti.

Kidomo alijibu kama maji. Profesa mmoja alimbana kuhusu mbinu zake za utafiti, naye akachomoka. Mwingine akamkejeli, Kidomo akacheka naye, akamrudishia. Nilisahau kununa. Nilijivuna mpaka mabega yakaniuma.

Kisha nikasikia harufu ya maji ya chumvi.

Maprofesa waliinamisha vichwa. Wote kwa pamoja. Wakatazama makaratasi yao.

Kiti kililia, kama mtu anayejiweka sawa. Chini yake sakafu ilikuwa imelowa.

"Nani alikaa mahali pangu?"

Sauti ilikuwa ya upole. Ya mtu aliyechoka, aliyeuliza sana. Mama alinishika mkono, kucha zikaingia.

Mwenyekiti hakugeuka. Kidole chake kilichopinda kiligonga meza, taratibu. Kidomo alifumbua mdomo. Namjua mdogo wangu, jibu lilikuwa ulimini. Akamtazama Msimamizi wake, na Msimamizi akatikisa kichwa. Akamtazama Mama. Mama naye akatikisa.

"Swali limepita, Mwenyekiti."

Hapo ndipo kiti hunyamaza. Safari hii hakikunyamaza.

"Halijapita," sauti ikasema. "Wewe unalijua jibu."

Watahiniwa wote waliotangulia walikuwa hawalijui jibu. Kwao swali lilipita kweli. Kidomo alikuwa wa kwanza kusema uongo mbele ya kile kiti.

Mwenyekiti alisimama haraka, akatangaza kwamba mtahiniwa amefaulu, akaanza kupiga makofi yeye mwenyewe. Wengine wakafuata. Tukasukumana kutoka nje kwenye jua, watu wakampa Kidomo mkono, wakamwita Daktari. Uso wake haukuwa na damu. Mpiga picha akatupanga. Kidomo akapapasa usoni.

"Miwani yangu. Nimeiacha mezani."

"Iache," nikamwambia.

"Bila miwani nitafumba macho kwenye picha."

Nilimfuata hadi mlangoni. Nikasimama pale pale kizingitini, nikamwona akitembea katikati ya viti, joho likiburura kidogo upande wa kulia. Nikakumbuka kwamba upindo ule sikuumaliza vizuri. Niliinama kutazama upindo wa gauni langu mwenyewe, niulinganishe, mshono, mshono tu, kazi imeniharibu akili. Nilipoinua kichwa hakukuwa na mtu.

Niliita. Ukumbi ukanirudishia jina lake.

Miwani ilikuwa mezani. Joho lilikuwa kwenye kiti cha mtahini wa nje. Limeketi. Vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, mikono imewekwa juu ya meza, na ndani yake hamna kitu. Lilikuwa linachuruzika maji ya bahari.

Sitasimulia vilio. Polisi walikuja, wakapima ukumbi, wakauliza kama msichana alikuwa na mchumba. Wazamiaji wakazunguka kisiwa. Chuo kilisema Daktari amesafiri kwa utafiti, na Mwenyekiti alikuja nyumbani kutupa pole akiwa amevaa suti niliyomshonea mimi. Mama hakumpokea. Tangu siku ile Mama huuliza jambo moja tu, asubuhi akiamka: "Amepita?" Hatujui anamaanisha nini, na hatumjibu.

Mimi sikulala. Utetezi uliofuata nilikwenda, nikaketi nyuma. Mtahiniwa alikuwa kijana wa kemia, anajibu kwa kubabaika. Nilisubiri harufu ya chumvi, ikaja. Vichwa vikainama. Kiti kikauliza, "Nani alikaa mahali pangu?" Kijana akamtazama Mwenyekiti, akasema swali limepita.

Nikasimama.

"Ni huyo hapo! Mwenyekiti! Yeye ndiye alikaa mahali pako. Kidole chake kiko kwenye picha. Jibu ndilo hilo, sasa nirudishie mdogo wangu!"

Mwenyekiti alikuwa mweupe kama chaki. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola. Nilidhani nimeshinda. Nilingoja kiti kimle.

Kiti kililia. Na sauti iliyotoka haikuwa ya yule mwanamume aliyezama.

"Dada," ikanong'ona. "Ajibu mtahiniwa."

Ilikuwa sauti ya Kidomo. Hasira haikuwamo, wala furaha. Alikuwa ananikumbusha utaratibu tu, kama alivyozoea kunirekebisha nikikosea jambo la Chuo. Wasikilizaji wa nyuma hawahesabiwi. Hata kule aliko, Chuo ni Chuo.

Walinzi walinitoa. Mwenyekiti alipata pumzi zake, akanipiga marufuku kuingia ukumbini bila kuwa mwanafunzi.

Bila kuwa mwanafunzi. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi.

Mimi niliishia darasa la saba. Sasa nimemaliza kidato cha nne kwenye shule ya watu wazima, niko cha sita, nakaa dawati moja na wasichana wanaoniita shangazi na kunionyesha hesabu. Mwakani, Mungu akipenda, naingia Chuoni. Shahada ya kwanza, ya pili, kisha uzamivu. Nitachukua historia. Watu wananicheka, fundi cherehani na mvi zake anabeba begi mgongoni. Wacheke. Siku moja nitavaa joho nililojishonea mwenyewe, nitasimama mbele ya meza ile, nitaulizwa, na mimi sitapitisha.

Kinachonitia hofu ni kitu kimoja tu, Mwenyekiti asife kabla. Anakataa kustaafu, namshukuru Mungu. Akipita dukani namwamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mwenyekiti. Vipi presha?" Namwambia apunguze chumvi. Namkumbusha kuvaa koti, upepo wa pwani si mzuri kwa wazee. Sijawahi kumwombea binadamu maisha marefu kama ninavyomwombea yule.

Joho la Kidomo niliruhusiwa kulichukua. Nililiosha, nikalianika, likakauka baada ya muda mrefu. Nimelifungia kabatini dukani, ufunguo ninao shingoni, na hakuna mwingine aliye nao. Kila ukumbi ule unapokuwa na utetezi, jioni yake nikifungua nalikuta lina unyevu. Hilo nimelizoea. Lakini viwiko vyake, vile vya kitambaa maradufu, vinachakaa. Vinapauka, nyuzi zinaachia, kama vya mtu anayeegemea meza kutwa nzima akisikiliza. Nilishavitia viraka mara ya kwanza, nikavitia tena. Leo nimefungua, na kiwiko cha kulia kimetoboka.